Ukumbi Una Shughuli Kila Alhamisi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wodi yetu, Mchungaji Kitheka pamoja na mama mchungaji, Chifu, Mzee Kivuva mwenyekiti wa wazee wa kanisa, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, kina mama wa kwaya mliopika muthokoi mpaka moshi ukawatoa machozi, na juu ya wote, mwenye siku yake, mwaitu Nzilani, mama yetu: hamjambo nyote?

Kwa wale wasionijua, naitwa Ndeti. Nafundisha hesabu katika shule ya kutwa hapa Mutomo, na nimewafundisha watoto wa wengi wenu, wengine wakafaulu licha ya kufundishwa na mimi. Kwenye ratiba mliyo nayo mkononi pameandikwa: shukrani kutoka kwa watumiaji wa ukumbi, Mwalimu Ndeti, dakika ishirini. Kwaya imeshukuru, vijana wameshukuru, kina mama wameshukuru na kucheza juu yake. Mimi nimebaki. Mimi nawakilisha Alhamisi.

Labda mnajiuliza Alhamisi kuna nini. Kamati ilipokuwa inatafuta siku ya kumuaga mama huyu, nilikuwepo, nimeketi nyuma kama kawaida yangu. Jumamosi kulikuwa na harusi, Jumatano kuna maombi, Jumapili ni Jumapili. Mzee Kivuva akafunga daftari akasema, "Tuweke Alhamisi jioni, ukumbi hauna shughuli Alhamisi." Wote mkakubali, na mimi nikainua mkono nikakubali pamoja nanyi. Mzee wangu, sikukasirika. Lakini niruhusu nikusahihishe mbele ya watu, kwa heshima. Ukumbi huu una shughuli kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni. Umekuwa nayo kwa karibu miaka mitatu, mvua ikinyesha au isiponyesha, na hata wiki ya Krismasi. Je, mtu anaweza kufanya jambo miaka mitatu katikati ya watu wake, mchana, mlango ukiwa wazi, na asionekane? Anaweza. Nimelifanya.

Sasa, kabla sijaendelea, nina ombi. Baadhi ya nitakayosema yatawafanya mtake kusema amina, na mengine yatawafanya mtake kukemea. Nawasihi, mjizuie. Wala msinipigie makofi. Nisikilizeni tu, jinsi mtu anavyomsikiliza mwenzake kwenye foleni ya kinu cha kusagia mahindi, anapoeleza mambo yake na kila mmoja ameshika gunia lake. Naona Mchungaji anatabasamu. Mchungaji, ombi hilo lilikuwa lako zaidi.

Ndugu zangu, wengi wenu mlijua kwamba nilikuwa nakunywa. Mutomo si mji wa kuficha kitu. Ila nadhani hamjui siku niliyogundua mimi mwenyewe. Haikuwa siku Syokau, mke wangu, alipofunga nguo zake akarudi kwao Makueni. Siku hiyo niliona yeye ndiye mwenye makosa. Haikuwa pia siku ya barua ya onyo, kwa sababu zilikuwa mbili na zote niliziweka chini ya godoro. Ilikuwa siku ya kawaida, somo la pili baada ya chai, Kidato cha Pili. Niliandika swali ubaoni, nikaketi mezani nipumzike kidogo, nikalala. Nilipoamka kengele ilikuwa inalia. Na darasa lilikuwa kimya. Watoto arobaini na wawili, ambao siku nyingine ukigeuka tu wanarushiana chaki, walikuwa wamenyamaza kipindi kizima ili mwalimu mkuu asisikie kelele akaja kunikuta. Walifanya swali langu, wakasahihishana, wakaweka madaftari mezani karibu na kichwa changu, wakatoka kwa ncha za vidole. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Siku hiyo nilienda hospitalini, si kwa ugonjwa wowote wa kuonyesha kwa kidole. Muuguzi aliyenipokea alinisikiliza, akararua kipande cha karatasi akaandika: Kitui mjini, Jumamosi saa nane, juu ya duka la dawa za mifugo karibu na soko. Akaniambia, "Mwalimu, huko kuna watu wanakutana. Wote wanaacha pombe. Nenda ukae nao." Nikauliza nikifika niseme nini. Akasema, "Utauliza tu mkutano uko wapi."

Nikaenda. Sasa fikirini: mtu mzima, mwalimu, amevaa koti, amesimama soko la Kitui Jumamosi saa saba na nusu, anatafuta mkutano wa walevi. Maduka ya dawa za mifugo karibu na soko si moja. Ungeuliza vipi? Ulimi ulikataa kabisa. Nikamwendea mama mmoja muuza maembe nikamwuliza, "Samahani, mkutano wa leo uko wapi?" Akaniangalia koti, akasema bila wasiwasi, "Ni ule wa pale juu, wameanza kuingia." Nikapanda ngazi. Nikakuta watu kumi na watano hivi, wamevaa vizuri, wanacheka, kuna chai na mandazi. Nikajisemea, kumbe walevi wa Kitui wanapendeza hivi! Nikaketi. Nikapewa chai. Mwenyekiti akasema kila mtu ajitambulishe, na zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema, "Naitwa Ndeti, nimetoka Mutomo, na nimekuja kwa sababu nimeshindwa peke yangu." Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Karibu sana, ndugu Ndeti, hata sisi peke yetu hatungeweza." Ilikuwa kamati ya harusi. Nilikaa saa nzima. Nilipotoka nilikuwa nimechaguliwa katibu wa usafiri.

Cheka, mama, cheka. Hii nilikusimulia mara ngapi? Lakini naomba mjue kwamba nilirudi Mutomo siku hiyo nikiwa nimelia njiani. Watu wale walinipenda kwa saa nzima, na walimpenda mtu ambaye hakuwepo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa, nikamwonyesha mwenye duka karatasi bila kufungua mdomo. Akanyoosha kidole juu. Chumba kilikuwa na watu saba na benchi mbili. Huko nilimkuta Liban, dereva wa lori la ng'ombe, Mwislamu wa kutoka kaskazini, ambaye alikuwa amekaa miaka mitatu bila kunywa. Nilimwambia Liban kwamba mimi nina aibu kwa sababu ni mwalimu na ni mtu wa kanisa. Akacheka polepole, akasema, "Mwalimu, wewe ukianguka kwenu wanakuombea. Mimi kwetu hata sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba kitu hicho kiko. Nilikuwa nalewa ndani ya lori, vioo nimefunga." Hatukuwa na mengi ya kufanana, mimi na Liban, ila tulijua vioo vilivyofungwa.

Nilikwenda Kitui miezi mitano. Kisha shule ikaanza masomo ya Jumamosi, na kutoka hapa mpaka Kitui na kurudi si mwendo wa kuiba katikati ya vipindi viwili. Nikamwambia Liban ninaacha kuja, na kwetu hakuna mkutano. Akasema, "Upo. Tafuta chumba, fungua mlango, weka viti, kaa saa moja. Mtu asipokuja, umekuja wewe." Ndivyo nilivyokwenda kwa Mchungaji kuomba ukumbi.

Mchungaji Kitheka, hapa ndipo ninapokugusa, na ninakugusa kama mtoto anavyomgusa mzazi. Ulinipa ukumbi kabla sijamaliza kueleza. Ulinishika mkono, ukafurahi kwa moyo wako wote. Na Jumapili ukatangaza kwamba Alhamisi, saa kumi na moja, Mwalimu Ndeti atatoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomtoa kwenye pombe. Hukutaka mabaya. Hiyo ndiyo njia yetu. Hapa kwetu mtu akisimama mbele ya wengine aeleze udhaifu wake, tunajua amesimama kueleza jinsi ulivyokwisha. Hatuna nafasi ya mtu anayesimama akiwa bado katikati.

Watu sitini walikuja. Matari yakaja, kinanda kikaja. Nikasema, "Naitwa Ndeti, mimi ni mlevi, na jana nilitamani pombe mpaka nikajifungia ndani ya nyumba." Sikufika mbali. Mama mmoja akapaza sauti, "Amina, umeponywa!" Mkanizunguka. Mkaniwekea mikono, mkaimba, mkalia, na mimi nikalia, na Mchungaji akatangaza kwamba kuanzia leo Mwalimu ni mzima. Jumapili iliyofuata nikapewa kazi ya kuwapokea watu mlangoni. Kila aliyenishika mkono aliniambia, "Mwalimu, Mungu ni mkubwa," na mimi nikijibu, "Ni mkubwa," nikimgeukia anayefuata.

Alhamisi iliyofuata niliweka viti kumi nikangoja. Hakuja mtu. Na kwa nini mtu angekuja? Kazi ilikuwa imekwisha. Mlevi alikuwa amepona.

Nataka mjue jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sitasema tena. Wenzangu wa baa walinikimbia kwa kuwa nimeokoka. Nyinyi mlionizunguka hamkurudi kwa kuwa mliona nimefika. Nilikuwa nasalimiwa na mji mzima na siongei na mtu yeyote. Harusi na mahari sikualikwa, mwenye nyumba akiona haya kumimina pombe mbele yangu. Nyumbani nilikuwa na redio, na nilianza kuijibu. Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa naoga, navaa koti, nakuja hapa na kupanga viti. Vilianza vikiwa kumi. Vikawa vinane. Vikawa vitano. Mwisho nikawa naweka viwili, kwa sababu kuweka kimoja nilikuwa siwezi. Naketi hapa, natazama saa ile pale ukutani. Saa ile inachelewa dakika nne. Mnacheka, lakini hakuna anayeijua saa ile kuliko mimi.

Na hapa ndipo anapoingia mama tunayemuaga.

Mnamjua Nzilani kama mshika funguo. Miaka kumi na tisa amefungua ukumbi huu na kuufunga, amefagia mchele wa harusi na majani ya maombolezo, na amefungua bomba la tangi kila asubuhi. Katika Alhamisi zangu za kwanza alikuwa anaketi nje, pale kwenye ngazi ya mlango, anasuka kikapu chake cha kiondo, anangoja nitoke afunge aende kwake. Hakuniuliza nafanya nini na viti vitupu. Alhamisi ya kumi, nakumbuka, jua la jioni lilikuwa kali, na ngazi ile inaangalia magharibi. Akasimama, akaingia, akavuta kile kiti cha pili, akaketi. Akaniambia, "Mwalimu, usifikirie nimekuja mkutano. Nimekimbia jua."

Nikamwambia karibu. Akaendelea kusuka. Kina mama mnaosuka, mnajua nyinyi wenyewe: msukaji hainui macho. Mikono inakwenda, masikio yako wazi, macho yako kwenye uzi. Nilikuwa nimetazamwa na watu sitini nikashindwa kumaliza sentensi. Sasa nilikuwa na mtu mmoja asiyenitazama. Nikasema, nadhani nilikiambia kile kiondo, "Jana nilitaka kunywa." Nikangoja amina. Haikuja. Uzi ukapita mara mbili, tatu. Kisha akauliza, "Na leo?"

Nikasema, "Leo sijakunywa." Akasema, "Haya."

Mheshimiwa, ndugu wageni, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mama huyu kwa karibu miaka mitatu. Haimo kwenye cheti mlichomwandikia. Na leo? Haya. Hakuniombea mbele yangu hata siku moja. Kama aliniombea kwake, ni siri yake. Hakuniambia mimi ni shujaa. Niliposema Syokau hapokei simu, uzi ulisimama kidogo, ukaendelea. Jua lilipoacha kuwa kali aliendelea kuingia ndani, na nilipomwambia, "Mama, leo kuna mawingu," akanijibu, "Wewe weka viti."

Sasa nasema lile lililonileta hapa mbele. Mchungaji, Mzee Kivuva, naomba mnivumilie. Mlinitangaza mzima mwezi wa sita. Mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, Syokau akatuma ujumbe kwamba Krismasi haji, na watoto wetu wakitoka shule ya bweni wataenda kwake. Alhamisi ile, asubuhi, nikanunua pombe. Nikanywa. Mimi mpokeaji wenu wa mlangoni, ushuhuda wenu. Saa kumi na moja nilikuja hapa, sijui kwa miguu ya nani. Nilimkuta amefungua na ameweka viti mwenyewe, viwili. Nilimwambia, "Mama, nimelewa, niache niende." Akasema, "Hata mimi naona. Keti." Nikaketi, nikaweka kichwa kwenye meza, nikalala mbele ya mtu kwa mara ya pili katika maisha yangu. Na kwa mara ya pili, mtu alinyamaza kwa ajili yangu. Saa kumi na mbili akanigusa bega. "Mwalimu, saa imeisha. Alhamisi ijayo?" Nikasema ndiyo. Akanizungusha kwa mlango wa nyuma ili nisipite mbele ya watu, akafunga, akaenda kwake.

Hakumwambia mtu. Angewaambia, mngenitoa mlangoni, na mngekuwa na haki. Nimebeba jambo hili miaka miwili na miezi mitatu, kila Jumapili nikiwashika mkono na kuwadanganya kwa kunyamaza. Leo nawarudishia. Sikupona siku ile ya matari. Sijapona hata leo. Tangu Alhamisi ile sijakunywa tena, lakini nimetamani, wiki hii mara mbili. Kama kuna anayeona sifai tena kusimama mlangoni Jumapili, aniambie, nitampa nafasi, bila kinyongo. Nimechoka kupendwa nikiwa mtu mwingine.

Nimalizie kwa habari ya mitungi, kwa sababu ndiyo inayowahusu nyinyi.

Baada ya mwaka wa kwanza nilimuuliza mama, mbona wengine hawaji? Najua wapo. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeshindwa na hesabu ya kutoa. Akasema, "Mwalimu, mlango unaangalia kinu. Foleni yote inaona nani ameingia. Wewe unaingia kwa sababu wanajua umepona. Mgonjwa ataingia vipi?" Kisha akasema, "Waambie waje na mtungi." Na kweli, katika Mutomo hii, nani anamuuliza mtu mwenye mtungi wa lita ishirini anaenda wapi? Bomba la tangi liko ubavuni mwa ukumbi. Unakuja na mtungi, unauacha mlangoni, unaingia. Saa kumi na mbili unatoka umebeba maji, na nyumbani wanafurahi.

Kuna jioni nyingine ilikuwa mitungi mitatu ya manjano pale mlangoni. Siku moja ilikuwa mitano, na mama akaacha kusuka akaihesabu mara mbili. Kuna jioni nyingi palikuwa na wangu tu. Alhamisi iliyopita ulikuwa wangu tu. Sitasema wenye mitungi mingine ni kina nani. Kama wamo humu sasa hivi, sitawatazama. Mnaona wenyewe tangu nianze natazama kiondo hiki alichonipa, ndicho ninachobebea madaftari. Niliwauliza wenzangu hao kama naweza kuitoa siri ya mtungi leo. Walikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe ni nyinyi.

Ombi letu ni hili. Mama anaondoka Jumamosi, anakwenda mjini Wote kwa binti yake Kavata, akacheze na wajukuu. Ni haki yake. Funguo atapewa mtu mwingine, na huyo hatujui kama anasuka. Hatuombi mje kutusikiliza. Hatuombi kinanda. Tunaomba kwamba kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nyinyi nyote mje kuchota maji. Wazee wa kanisa, kwaya, walimu, Chifu ukiwa na nafasi. Bomba lifunguliwe saa hiyo. Mlete mitungi, muipange mlangoni, mikubwa na midogo, iwe mingi kiasi kwamba mtu akisimama pale kwenye kinu asiweze kujua ni upi wa nani. Kisha mmoja kati yetu, ambaye hata leo ameketi humu na hajawahi kuthubutu, aweke wake katikati ya yenu, aingie. Mnaweza kutufanyia hivyo? Msinijibu kwa mdomo. Nitaona wiki ijayo mlangoni.

Mama Nzilani. Wamekupa blanketi, wamekupa mbuzi, wamekupa cheti chenye fremu. Mimi sina kitu cha kukupa ambacho hukukiona tayari kikiwa kibaya zaidi. Nitakachokuambia ni kwamba kiti chako sitakiondoa. Nitaweka viwili, kama zamani. Sitakuficha: naogopa. Naogopa Alhamisi ijayo kuliko ninavyoogopa pombe, kwa sababu najua ukumbi huu ukiwa na mtu mmoja unakuwa mkubwa namna gani, na najua saa ile ya ukutani inavyokwenda polepole. Nilizoea kusikia uzi ukipita.

Na kwa habari ya saa: ile pale inasema bado dakika nne. Kwa hivyo ni saa kumi na moja kamili. Ni Alhamisi, mlango uko wazi, viti vimepangwa, na kwa mara ya pili sikuvipanga mimi. Ndugu zangu, hamkujua, lakini mmeketi kwenye mkutano. Tunaanza kama tunavyoanza siku zote.

Naitwa Ndeti. Mimi ni mlevi. Jana, nilipokuwa naandika hotuba hii, nilitaka kunywa.

Mama, usilie. Uliza.

Nimesikia. Leo sijakunywa.

Haya. Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho, na asanteni zaidi kwa amina mliyoizuia.